Kopi Atafuta Mtu

Mhusika wa kwanza wa Kopi aliuawa na jino.

Vitani nani angemweza? Aliitwa Ngurumo, kifua kama kabati, majoka tisa kayaua, macho yanatoa cheche. Kopi alimtunga wiki nzima kwenye kompyuta ya dukani, kati ya mteja na mteja, huku shangazi yake, mwenye duka, akidhani kijana anajifunza kazi. Lilikuwa duka la kuchapa na kudurufu: mashine kubwa inayokwamisha karatasi kila ikijisikia, pazia la bluu la kupigia picha za pasipoti, na foleni ya watu wenye haraka zao. Jina la Kopi alipewa na wateja, maana alivyofanana na shangazi yake ungesema katolewa kwenye mashine ileile.

Sasa, kwenye mchezo mmoja wa mtandaoni, wa majoka na wachawi, kulikuwa na kikundi ambacho Kopi alikifuatilia kama wengine wanavyofuatilia tamthilia. Kwao kupigana ni nyongeza tu. Kazi yao hasa ni kuigiza. Kila mmoja anaingia akiwa mtu mwingine, anaongea kama huyo, ananuna kama huyo. Kopi alitamani kuwa mmoja wao mpaka basi. Dukani, tangu asubuhi hadi kufunga, swali analoulizwa ni bei ya kurasa. Kule watu waliulizana mambo.

Lakini mgeni hapokelewi hivihivi. Anaacha upanga mlangoni, anakaa meza moja na wenyeji, anaulizwa mambo ya kawaida. Ngurumo aliulizwa analalia ubavu gani. Akajibu yeye halali. Anamwogopa nani? Hakuna. Na akiumwa jino je? Atalikata kichwa.

Walicheka mpaka kioo kikajaa vicheko. Kiongozi wao, aliyejiita Bawabu, akamwandikia kwa upole kwamba huyo si mtu, ni bango la sinema. Arudi Jumamosi na mtu. Akishindwa tena, basi wasisumbuane.

Kopi alinuna, akawa wa kukaa na kutazama. Na wa kutazamwa alikuwa mmoja tu. Shangazi alilamba kidole kabla ya kugusa karatasi yoyote, hata kama ni moja tu. Mashine ikikwama aliisema kama mtu: umeanza, watu wamekuja na wewe ndiyo umeanza. Mkoba wake aliuweka kwenye kiti cha pili, kila siku ya Mungu. Akija mzee au mjamzito alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akafanya kazi wima. Mkoba haukuhama.

Jumamosi mchana Kopi akaingia mchezoni akiwa mama mwenye nyumba ya wageni, huko mpakani mwa nchi ya majoka. Hana upanga, ana mwiko, na mkoba kauweka kwenye kiti cha pili. Wenyeji wakaja kula. Mama akagawa sahani huku akilamba kidole, akaligombeza jiko lililogoma kuwaka, mmoja akaandika kwamba mama huyu anamtisha. Kopi akajua mambo yanakwenda. Ndipo Mchawi, mkorofi wa kikundi, yule aliyemcheka Ngurumo kuliko wote, akaandika kwamba anataka kukaa kwenye kiti chenye mkoba. Ni cha nani?

Kopi akaacha kuandika. Kiti alikichukua kwa shangazi pamoja na mkoba wake, ila sababu yake hakuwa nayo.

"Shangazi," akaita bila kugeuka, "hivi hicho kiti cha mkoba ni cha nani?"

Shangazi alikuwa anakitia plastiki cheti cha mtu. Alingoja mpaka kikatoka chote.

"Cha mwenzangu. Duka hili tulifungua wawili. Tukagombana mashine ikae wapi. Yeye anataka dirishani, mimi nataka mlangoni. Akabeba vitu vyake. Yupo hapo ng'ambo ya soko, mzima kabisa."

Kopi akaitazama mashine. Ilikuwa dirishani.

"Ndiyo hivyo," shangazi akasema. "Siku akija, asikute nimempa mtu nafasi yake."

Akakipuliza cheti kipoe, macho yakaangukia kwenye kompyuta. Akasoma. Mwiko, kidole, mkoba. Kisha akaenda kumkabidhi mtu cheti chake.

Basi Kopi alikuwa na jibu la kufungua milango yote. Hata Mchawi angetokwa na machozi. Akaanza: Tulikuwa wawili. Akautazama mgongo wa shangazi yake, pale alipokuwa anamwonyesha mteja mahali pa kuweka saini kwa sauti ndogo isiyo yake. Akafuta.

Badala yake aliandika kwamba mama aliusogeza mkoba ukae vizuri, akasema kiti kina mwenyewe.

Mchawi akang'ang'ania: nani, na yuko wapi? Mama akamwongezea supu. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mgeni amekwama, huyu ni Ngurumo kavaa gauni. Kopi aliyasoma hayo mikono kaiweka mapajani. Kama ni kukosa, akose.

Kisha Mchawi akaandika: "Basi, mama, nitakula nimesimama."

Na Bawabu chini yake: mama karibu sana, ila kesho tunakuja wengi, sufuria iwe kubwa.

Kopi akashusha pumzi. Shangazi alikuwa nyuma yake.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua. Nisamehe, shangazi. Ya kiti sikuwaambia."

"Nimeona." Akasoma tena, taratibu. "Na huyu mama, watu wote hao anaowalisha, kuna anayemsaidia kuosha vyombo?"

"Hakuna."

"Basi kweli ni mimi," shangazi akasema, akampa ufagio.