Bega la Fridolin

Bega la kulia la Fridolin lilivunjika vitani Burma, likaunga vibaya. Hata hivyo aliporudi Ifakara alipata kazi ya askari wa wanyama, na kwa miaka sita alifukuza viboko kwenye mashamba ya mpunga ya Namawala bila kumwambia mtu habari ya bega. Mwaka 1953 ikaja amri: kila askari apimwe shabaha, risasi tano, akiwa amelala kifudifudi. Atakayekosa tatu, kazi basi.

Akipiga amesimama, mwili ulirudi nyuma pamoja na bunduki na maumivu yalivumilika. Akilala, bega halikuwa na pa kukimbilia. Kitako cha bunduki kilimgonga pale pale palipovunjika. Akawa anafumba macho kabla hajafyatua, na risasi zinapotelea porini.

"Naiogopa bunduki yangu mwenyewe," alimwambia mkewe, Apolonia.

Apolonia hakucheka. Alimpeleka kwa Muhidin, fundi baiskeli wa sokoni, ambaye jeshini alikuwa akitengeneza mizinga.

Muhidin alichonga bomba fupi la chuma, akalitoboa matundu kuzunguka pande zote, akalibana kwa skrubu kwenye mdomo wa mtutu. "Moshi wa baruti utatokea pembeni," alisema. "Teke la bunduki litapungua."

Wakaenda kulijaribu kwenye uwanja mkavu nje ya mji. Fridolin akalala, akafyatua. Bega halikuuma! Lakini moshi wa matundu ya chini ulichimbua ardhi, vumbi likamjaa machoni, na risasi ya pili akaipiga haoni kitu. Hata ile ya kwanza ilikwenda kushoto kabisa. Muhidin alichungulia bomba, akaona risasi imekwaruza ukingo wa tundu la mbele, inapotokea.

Fridolin aliketi akifuta macho. Si machozi yote yalikuwa ya vumbi. "Basi, fundi. Nitarudi kulima."

"Aliyekosea ni mimi, Bwana Fridolin. Tundu la mbele sikuliweka katikati. Nipe siku mbili."

Bomba la pili lilikuwa na tundu la mbele pana, lililokaa katikati sawasawa. Matundu mengine yalikuwa ubavuni na juu tu, chini hakutoboa.

Siku ya kupimwa, Fridolin alilala kando ya askari mwenzake, Viktor. Risasi ya kwanza tu, mlio ukamvamia Viktor ubavuni, akashika masikio na kuviringika mbali. Fridolin hakufumba macho. Alipata nne.

Bwana Nyama, yaani Mzungu mkuu wa askari wa wanyama, ndiye aliyesimamia; akaligusa lile bomba. "Hiki nini?"

Fridolin alimweleza yote, hata habari ya bega aliyoificha miaka sita. Yule bwana akaichukua bunduki, akalala chini, akapiga risasi moja. Aliinuka akisugua sikio.

"Kelele zake mbaya sana. Lakini baki nalo. Ukipiga, watu wote wakae nyuma yako."

Fridolin alikwenda moja kwa moja sokoni, masikio yakivuma. "Nne, fundi! Nne!" alipiga kelele hata wapita njia wakageuka.

Muhidin aliacha gurudumu alilokuwa akiliziba, akamsogezea kigoda, akaagiza kahawa vikombe viwili.