Maswali Juu ya Suet-hing

Siku Kwok Sau-mei alipoitwa kuhojiwa, alikuwa ametimiza siku ishirini na mbili katika kisiwa walikozuiliwa wahamiaji, na katika siku hizo zote hakuwa amemtia mumewe machoni. Alijua tu kwamba yuko ng'ambo ya ghuba, San Francisco, ana fungu lake katika duka la samaki wakavu na dawa za mizizi, na kwamba ndiye aliyeapa mbele ya wakubwa kuwa mwanamke aliyeshuka melini ni mke wake wa ndoa. Walikuwa hawajaonana kwa miaka minane.

"Chana tena hizo nywele," Mama Chiu alimwambia. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyelala kitanda cha chini yake, na katika bweni lile la wanawake hakuna aliyekaa muda mrefu kuliko yeye: miezi kumi na mmoja.

"Hao wanaangalia nywele?"

"Hawaangalii. Ila wewe ukijua zimekaa vizuri hutatetemeka sana." Akachukua chanuo akamchana mwenyewe. "Wakikuuliza nyumba ina milango mingapi, usifikiri. Ukifikiri, wanaandika kwamba umefikiri."

"Nyumba yangu naijua, dada."

"Kila mtu humu anaijua nyumba yake, mdogo wangu. Ndiyo maana tumejaa. Mimi mwanangu nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Leo naambiwa si wangu, kisa nini? Kisa dirisha. Mimi nimesema madirisha mawili, yeye kasema matatu. Lile la tatu lilizibwa alipoondoka."

Wanawake wawili wa vitanda vya jirani wakacheka. Sau-mei naye alijaribu kucheka, akashindwa. Si nyumba iliyokuwa ikimkosesha raha.

Mumewe, Tam Bing-lam, alipoondoka kijijini kwao Pak Shek, binti yao Suet-hing alikuwa na miezi kumi, ndiyo kwanza anatambaa. Mtoto alipofika miaka sita, surua ilipita kijijini ikachukua watoto wanane, na Suet-hing alikuwa wa tatu kuzikwa. Wiki moja baadaye mama mkwe alimwita mwandishi wa barua, akamkalisha sebuleni, akamwambia, "Andika kwamba mtoto hajambo."

Sau-mei alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, ni mwanawe yule."

"Na yeye ni mwanangu," mama mkwe akajibu. "Yuko peke yake kule. Akianguka nani atamwinua? Siku akirudi nyumbani tutamwambia."

Basi Suet-hing akaendelea kukua ndani ya barua. Aling'oka meno. Alipata viatu vipya. Alijifunza kushona vifungo. Kila barua ilipotumwa Sau-mei alisema moyoni kwamba ijayo itakuwa ya kweli, na ijayo ilipofika mama mkwe alikuwa pale pale, na mwandishi keshachovya brashi yake katika wino. Kisha mama mkwe naye akafariki, na Bing-lam akaandika: njoo, wewe na mtoto. Ndipo Sau-mei, kwa kinywa chake mwenyewe safari hii, bila kulazimishwa na mtu, akamwambia mwandishi aandike kwamba mtoto anaumwa macho, kwamba madaktari wa melini hawawapitishi wenye macho mabovu, na kwamba amemwacha kwa bibi yake mzaa mama mpaka apone.

Alitaka kumwambia ana kwa ana. Alikuwa ameipanga siku hiyo mara nyingi kichwani: amkalishe, amtilie chai, aingoje ipoe kidogo, amshike mkono, ndipo aseme.

Melini alisafiri pamoja na Tam Kwok-hin, mtu wa ukoo wa mumewe, aliyekuwa akirudi dukani kwake San Francisco baada ya kukaa kijijini karibu mwaka mzima. Yeye alikuwa analijua kaburi la Suet-hing. "Shemeji," Sau-mei alimsihi, "niachie habari hiyo niipeleke mwenyewe." Kwok-hin alikubali, na wala hawakuizungumza tena. Walipofika kisiwani wanaume walipelekwa upande wao na wanawake upande wao, na mlango ukafungwa kati.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ndefu. Kulikuwa na afisa mwenye ndevu za rangi ya mchanga, karani wa kupiga taipu, na mkalimani aliyeitwa Bwana Yip, mtu wa mjini Kantoni, ambaye Kikantoni chake kilikuwa laini mno kwa sikio la kijijini, hata Sau-mei akawa anamsikiliza kwa kukunja uso.

"Nyumba yenu ni ya ngapi katika safu, Bi Tam?"

"Ya tano. Safu ya pili."

"Sakafu ya sebuleni ni ya nini?"

"Matofali."

"Mumeo anasema ni udongo."

"Aliondoka ikiwa udongo. Matofali yaliwekwa mama mkwe alipotimiza miaka sitini."

Taipu ikalia. Wakamwuliza pipa la mchele linakaa wapi, kisima kiko upande gani, jirani wa mbele ana wake wangapi na nani kati yao ni kiwete. Alijibu haraka haraka, kama alivyofundishwa. Kisha afisa akafunua karatasi nyingine, na mkalimani akasema, "Una watoto wangapi?"

Sau-mei alitazama mikono ya karani, iliyokuwa imetulia juu ya mashine ikimngoja. Alijua Bing-lam amejibu nini. Alijibu anachokijua, na anachokijua ni kile alichoandikiwa. Akisema kweli, majibu yao yatakuwa mawili, na yeye alikwisha kuona mtu anavyoozea bwenini kwa sababu ya dirisha.

"Mmoja. Wa kike."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Alidhani yataishia hapo. Lakini afisa alisogeza kiti mbele.

"Ana urefu gani?"

Sau-mei aliinua kiganja kutoka sakafuni, na kiganja kikasimama chenyewe usawa wa kifua chake. Alikitazama. Naam, angekuwa amefika hapo.

"Meno?"

"Ya mbele yameshaota. Moja limekaa upande."

"Amefanana na nani?"

"Na baba yake, masikio hasa. Yamesimama. Nywele ni zangu, nzito, chanuo linakwama, analia kila asubuhi."

"Chakula gani anakipenda?"

"Viazi vitamu vya kuchoma. Anakula na maganda yake. Ukimkataza anakwenda kujificha nyuma ya zizi la nguruwe anakula huko huko."

Karibu saa nzima walimwuliza, naye hakukwama hata swali moja. Yaliyokuwa ya zamani aliyasema kama yalivyokuwa, na ambayo hayakupata kuwa aliyasema vilevile, na sauti yake haikubadilika. Aliporudi bwenini Mama Chiu alimkagua usoni akasema, "Umerudi kama mtu aliyetoka harusini. Wamekuuliza nini?"

"Habari za mwanangu."

"Ukawajibu?"

"Nimewajibu zote."

Mchana ule alimaliza bakuli la wali na kabichi lililochemshwa hadi kupoteza ladha, chakula ambacho tangu afike alikuwa akikichokora tu.

Baada ya siku mbili aliitwa tena. Safari hii afisa hakuanza na nyumba.

"Unamfahamu Tam Kwok-hin?"

"Ni shemeji yangu wa ukoo."

"Yeye amesema," mkalimani aliendelea, akisoma karatasi bila kumtazama, "kwamba mwaka jana alikwenda na watu wa ukoo kusafisha makaburi, na kati ya makaburi hayo akaliona la binti yako. Wewe umetuambia mtoto ana urefu wa kufika hapa." Akajigusa kifua. "Mwongo ni nani kati yenu?"

Ndipo Sau-mei alipoelewa. Kwok-hin alikuwa ameulizwa, naye alijibu kweli, akiamini kwamba mbele ya serikali shemeji yake hawezi kusema vingine. Walikuwa wameelewana kuhusu Bing-lam tu. Hakuna aliyefikiri juu ya meza hii.

"Bi Tam," mkalimani alisema taratibu, na hayo hayakuwa maneno ya afisa, "sema tu."

Akasema. Surua, mama mkwe, barua, macho. Mkalimani alifasiri na karani akapiga taipu, na yote yalipokwisha afisa alizungumza kwa muda mrefu bila kupandisha sauti.

"Anasema wapo watu wengi wanaoweka hai jina la mtoto katika karatasi ili siku moja walete mtoto wa mtu mwingine kwa jina hilo. Anasema anaona ndivyo ilivyo hapa. Na mwanamke wa namna hiyo, anasema, huenda hata mke si mke."

"Mwambie jina la mwanangu haliwezi kuvaliwa na mtu."

Bwana Yip alifasiri.

"Mume wangu ameambiwa?" Sau-mei akauliza.

Mkalimani alimtazama afisa, kisha akatazama mlango wa pembeni. "Yuko chumba cha pili. Ameambiwa asubuhi hii."

Wakamleta, maana afisa alitaka kuona kama watu hawa wawili wanajuana. Bing-lam aliingia na kofia yake mkononi, amevaa suti ya kizungu iliyomwenea vizuri, nywele za karibu na masikio zimeota mvi. Sau-mei alikuwa ameungojea uso ule miaka minane, na sasa hakuweza kuutazama kwa muda mrefu. Meza ilikuwa kati yao.

"Lini?" Bing-lam aliuliza.

"Mwezi wa tatu. Mwaka juzi."

"Ile barua ya viatu?"

"Ilikuwa baadaye."

"Na ya kushona vifungo?"

"Baadaye."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa njia aliyoelekezwa. "Nilimnunulia nyuzi," alisema. "Sanduku zima, za rangi. Ziko dukani juu ya rafu. Nilisema akija."

"Wanasema nini?" afisa akauliza.

"Wanazungumza habari za mtoto," Bwana Yip alijibu.

"Maneno yenyewe."

Mkalimani alikohoa, akafasiri: viatu, vifungo, nyuzi za rangi, rafu. Karani akayapiga taipu yote, moja baada ya jingine. Kisha mlinzi akamgusa Bing-lam begani. Alivaa kofia yake akatoka, na hakugeuka nyuma.

Juma lililofuata Sau-mei aliambiwa kwamba amekataliwa kuingia nchini. Kwok-hin aliruhusiwa, alirudi dukani kwake. Bing-lam aliweka wakili, na wakili akapeleka rufaa huko mji mkuu, kwa hiyo Sau-mei akabaki kisiwani kungoja. Siku zilikuwa na urefu mmoja. Wanawake walifua, walishona, waligombania mahali penye jua karibu na dirisha. Mama Chiu hakumfanyia tena mzaha. Alikuwa akimwekea chai pembeni ya kitanda.

Mwezi wa pili wa kungoja ikaja barua ya Bing-lam, imefunguliwa na kusomwa na walinzi kabla ya kumfikia. Sau-mei hakujua kusoma. Aliyemsomea ni Lei Man-yee, msichana wa bwenini aliyesomeshwa na wamisionari, naye alisoma kwa sauti ya chini. Ndani hamkuwa na lawama, wala pole. Yalikuwa maswali. Aliugua siku ngapi? Aliitwa tabibu gani? Alivishwa nguo ipi? Nani alimbeba? Kaburi limeelekea wapi? Lina jiwe?

"Hata huyu naye," Mama Chiu alinong'ona.

"Mwache aulize," Sau-mei alisema. "Yeye ana haki."

Akajibu, Man-yee akiandika. Siku tisa. Tabibu wa soko la Pak Shek, mzee Ng, alikuja mara mbili, na mara ya tatu alisema hakuna haja. Koti la bluu lenye pamba ndani, ingawa lilikuwa limeanza kumbana. Alimbeba mwenyewe mpaka mwisho wa mashamba, hapo wanaume wakampokea. Linatazama mto. Jiwe halina, lina kigingi.

Man-yee alisita. "Liko la mwisho. Anauliza kama mtoto aliwahi kumwulizia."

Wote walikuwa wakisikiliza, hata waliojifanya wanashona.

"Mwambie ndiyo," Mama Chiu alisema. "Itakupunguzia nini? Mwambie kila siku."

Sau-mei alilaza mikono yake magotini. "Nimeshamwambia ndiyo nyingi sana, dada." Kisha akamgeukia msichana. "Andika hivi. Alipokuwa na miaka mitatu aliuliza kama mtu wa kwenye picha yako ana miguu, kwa sababu picha inaishia kifuani. Nikamwambia anayo. Baada ya hapo hakuuliza tena."

Man-yee aliandika, akakunja karatasi, na barua ikaenda.

Jibu halikuja. Rufaa ilikataliwa majira ya mvua, na Sau-mei akapandishwa melini pamoja na watu wengine kumi na wanne. Mama Chiu alimfuata mpaka mlango wa waya, pale walipokuwa wanaruhusiwa kufika, akamkazia vifungo vya koti kama vile yeye ndiye mzazi wake. "Ukifika, kanywe maji ya kisimani kwenu," alimwambia. "Haya ya huku yana chumvi."

Bing-lam hakurudi Pak Shek, wala hakuoa mke mwingine. Mwaka mpya mmoja alituma kifurushi cha uyoga mkavu na nguo, bila barua ndani, na miaka mingine hakutuma kitu. Sau-mei aliishi peke yake katika nyumba ya tano, akilima kipande cha viazi. Majirani walipomwuliza Amerika kukoje, aliwaambia hakufika.