Mstari wa Kijani

Zzz, zzz. Kabla jogoo hajawika, Wachuka alisikia swichi ikilia tena kwenye ukuta wa karakana, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Karakana haikuwa na dirisha, na taa ilitoa mwanga hafifu, rangi ya chai isiyokolea. Alisogeza kiti karibu na mashine yake ya kufuma sweta, akapikicha macho. Uzi ukabaki giza.

Balbu mbili mpya hazikusaidia. Basi akajua: si taa, ni macho. Leo saa nne mwanawe Muriithi angekuja kutoka Endarasha kuichukua mashine, ampelekee mkewe. Wachuka mwenyewe ndiye aliyesema ichukuliwe, kisha akaenda kulia jikoni.

Kulipokucha akamwita fundi wa umeme, kwa sababu ya ule mlio tu, nyumba isije ikaungua. Alikuwa Yahye, jirani yake hapo Gatitu, mzaliwa wa Nanyuki, aliyezoea kumwita shosho, yaani bibi.

"Shosho, chai baadaye. Hii harufu siipendi."

Alizima umeme kwenye swichi kuu, akahakikisha kwa testa kuwa nyaya hazina umeme, akafungua skrubu mbili. Nyuma ya kile kitufe cha kuzungusha, alichoweka marehemu mumewe Mutahi ili Wachuka aongeze na kupunguza mwanga apendavyo, plastiki ilikuwa imeyeyuka. Ubao ulikuwa umeungua, mweusi, upana wa kiganja.

"Uuwi! Na mimi kitanda changu kiko ukuta wa pili!"

"Wiki moja zaidi, shosho, tungekuzika pamoja na mashine."

"Nyamaza wewe!" Lakini alisogea mbali na ukuta.

"Na hii ndiyo imekuwa ikila mwanga wako, kidogo kidogo."

Akafunga swichi mpya, akarudisha umeme, akazungusha kitufe hadi mwisho.

Wachuka alijifunika uso kwa mikono miwili. Alipoitoa, aliona vumbi kwenye sindano, moja moja. Aliona kovu dogo kwenye kidevu cha Yahye. Macho yake yalikuwa mazima!

Ndipo akaona sweta tano za shule mezani, zikingoja kutiwa kwenye gunia. Mstari wa shingoni ulipaswa kuwa wa kijani. Ulikuwa wa bluu. Zote tano.

"Mungu wangu. Nimefuma hivi tangu lini?"

Yahye alianza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Yahye. Sweta ya binti yako Ramla ina mstari gani?"

"Wa kijani, shosho."

"Usinidanganye."

"Sasa ni wa kijani. Mama yake, Istahil, aliufumua, akafuma mwingine kwa mkono. Wamama wote wa darasa walifanya hivyo, muhula mzima."

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia!"

"Nani angekuambia? Ile baridi ya Julai, nani alifumia watoto wote kofia bila kuombwa?"

Wachuka aliketi. Aliwakumbuka wale wanawake mlangoni pake, jinsi kila mmoja alivyopokea sweta kwa mikono miwili, akisema imependeza kweli. Akachukua simu.

"Muriithi? Kunywa chai yako huko huko. Mashine haitoki."

Kisha akamshika Yahye mkono.

"Rudi Jumamosi, mwanangu. Lete Istahil na Ramla, na uwaambie wale wamama wengine. Waje na zile sweta, nione mikono yao ilivyofuma. Taa sasa niko nayo."