Miisho Iliyotangulia

Asubuhi mashuka ya mahoteli yalishushwa yakiwa bado na unyevu, na wanawake wanne wakayaingiza kwenye rola ya kupigia pasi. Mmoja wao aliitwa Subiri. Si jina alilopewa kwao. Alibandikwa na wenzake pale kwenye kiwanda cha kufulia kwa sababu hakujibu kitu mpaka msemaji atoe neno la mwisho. Utani ukipigwa, wenzake walicheka ungali katikati. Yeye alicheka baadaye, peke yake, na hapo wakacheka tena.

Kwa lugha ya kwao hakuwa hivyo. Yeye na wifi yake, aliyefanya kazi pembeni yake, walikuwa mmoja akianza kusema, mwingine anamalizia. Lakini lugha ya huku waliikuta ukubwani. Ilibidi waiokote neno kwa neno, na wenyeji hawakuwa na muda wa kumngoja mtu aokote.

Jumatatu moja, miisho ya maneno ya watu ilianza kumfikia Subiri kabla ya mianzo. Getini alisikia "barabarani", kisha mlinzi akafungua kinywa: "Leo mmechelewa, naona kuna foleni barabarani." Wenzake walipomwona anacheka kabla utani haujaanza, walisema lugha sasa imemkaa. Wakaendelea na kazi.

Karibu na mapumziko alisikia sauti ya msimamizi: "...kosa lake mwenyewe." Msimamizi alikuwa ofisini ghorofani na hakuwa amesema lolote. Subiri akatazama huku na huku, akitafuta maneno hayo yangeanzia wapi. Akaiona kinga ya chuma ya rola imeegemezwa ukutani. Msimamizi alikuwa ameamuru ifunguliwe ili mashuka yapite haraka. Kisha akaviona vidole vya wifi yake, karibu kabisa na rola.

Akapanda ngazi mbio.

"Bosi, ile kinga ya rola, usipoirudisha..."

"Mtapata joto. Najua, mama. Feni zinakuja."

"Siyo joto. Mkono wa mtu uta..."

"Utachoka. Nani hachoki? Haya, nenda kazini."

Alikuwa bado kwenye ngazi rola ilipomkamata wifi yake. Wifi alipiga kelele kwa lugha ya kwao, maana maumivu hayangoji tafsiri. Aliyesimama karibu na swichi akageuka kuuliza, "Anasemaje?" Wifi alikuwa anasema "zima". Subiri alifika akazima mwenyewe. Vidole vitatu vilikuwa vimekwenda.

Mkaguzi wa usalama kazini alipokuja, msimamizi alikaa sawasawa kitini na kueleza kwa upole.

"Hawa wageni lugha inawapiga chenga. Alielekezwa, akaitikia tu bila kuelewa. Kusema kweli ni kosa lake mwenyewe."

Ilipofika zamu ya Subiri, alisogeza kiti karibu na meza.

"Siku ile nilikwenda kumwambia kwamba..."

"Kwamba hamkuelewa," mkaguzi akamsaidia, huku anaandika. "Pole sana, mama."

"Tulielewa! Yeye ndiye..."

"Aliyewaelekeza. Nimeshaandika."

Subiri akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Wakamletea maji ya kunywa na kumwambia atulie, ni mshtuko.

Baada ya hapo walimhamishia kwenye simu. Wateja walimpenda kupita kiasi, kwa kuwa alijibu kabla hawajauliza. Msimamizi alijigamba kwa waliomtembelea kwamba ana mfanyakazi wa aina hiyo, wala hamwongezei hata mshahara. Wifi alikaa nyumbani akijifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, na kutoka kiwandani hakuna aliyempigia.

Nafasi yake alipewa mwanamke mwingine, mgeni wa nchi nyingine kabisa. Siku yake ya kwanza alisimama mbele ya rola akitabasamu, akikodolea macho kila mdomo mpaka ufungwe. Subiri aliiacha simu ikilia, akashuka, akamshika kifundo cha mkono. Wawili hao hawakuwa na lugha nyingine ila hii ya huku.

"Dada, sikiliza," alisema. "Hapa... mkono... usifike."

Yule mwanamke alingoja. Hakummalizia.

"Subiri!" msimamizi aliita kutoka juu. "Hebu rudi kwenye simu!"

Ile "simu" ilikuwa imeshamfikia Subiri tangu anashuka. Hakugeuka. Aliendelea kusema, polepole, mpaka akalifikia neno lake la mwisho, na yule mwanamke akaitikia kwa kichwa. Kisha kengele ikalia, mashuka yakaletwa, na rola ikaanza kuzunguka, wazi vilevile.