Manyanga ya Hemedi

Luqmani alifika kwetu Kirongwe baada ya sala ya alasiri, kabeba spika kifuani kama mtoto mchanga. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kampuni yake ya Dar es Salaam inatoa upya nyimbo za zamani za bendi za jazi, santuri nyingi ndani ya boksi moja, na bendi ya marehemu mume wangu Hemedi imo. Wapigaji wote wametangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi, niliyekuwa nikikaa mazoezini mpaka mwisho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Nimekuja kuyasumbua masikio yako tu."

Akanieleza. Kanda zilikuwa zimechakaa. Fundi mmoja amezisafisha mpaka mvumo wote umetoka, mwingine amezigusa kidogo tu. Mimi niseme ipi ndiyo bendi yenyewe kama nilivyoisikia. Nitakayoichagua ndiyo itakayotolewa.

"Leo mama hakimu," akasema Warda, mke wa mwanangu, akacheka. "Umekuja penyewe. Mchuzi wangu kila siku unahukumiwa humu."

Luqmani akapiga ya kwanza. Gitaa lilikuja safi, na besi, na sauti ya Sabiti mwimbaji, Mungu amrehemu. Lakini manyanga hayakuwapo. Hemedi alikuwa mpiga manyanga. Aliyatengeneza mwenyewe kwa makopo ya maziwa na punje za mtama, na yalikuwa yakichakarika nyuma ya kila wimbo.

"Mmemtoa mume wangu," nikasema.

Luqmani akainamisha kichwa. "Kweli, bibi. Mashine ilidhani manyanga ni mvumo wa kanda, ikayafuta. Ndiyo maana nikaja mwenyewe. Sikiliza ya pili."

Nikasikiliza. Gitaa. Besi. Sabiti. Hemedi hakuwapo.

Nikafungua kinywa nimwambie hata hii mmeiharibu, ndipo nikamwona Warda. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti, haraka haraka, mapigo yasiyo ya gitaa wala ya besi. Luqmani naye akitikisa kichwa kwa mapigo hayo hayo. Kuna kitu walikuwa wanakisikia ndani ya chumba changu, na mimi sikisikii.

Nikasogea mpaka shavu likagusa spika. Hamna kitu. Niliogopa kama mtu anayeita nyumbani kwake na asiitikiwe.

Luqmani akasimamisha muziki. "Vipi, bibi? Ndiyo yenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo, na wote wawili wangefurahi. Lakini kama Hemedi hayumo, nitakuwa nimemfuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Warda, manyanga yapo?"

"Yapo, mama. Tele."

"Mimi siyasikii."

Warda akaja kukaa mkekani, karibu yangu.

"Mlikuwa mnajua?" nikamuuliza.

"Tangu Ramadhani, mama. Simu inalia ubavuni pako, wewe unachambua mchele. Tukaona tusikutie hofu. Watoto nikawaambia wakuguse bega kwanza, ndipo waseme."

Nami kumbe nawasifia kwa majirani kwamba watoto wale wana adabu! Nikacheka, lakini Warda hakucheka. Akanishika mikono.

"Basi nigongee kiganjani," nikamwambia. "Kama yanavyolia. Usinirekebishie chochote."

Luqmani akaurudisha wimbo mwanzo. Kidole cha Warda kikaanza kukimbia kiganjani mwangu, chepesi, bila kuchoka. Mwisho wa ubeti kikasita, kisha kikaharakisha kuwafikia wapigaji wengine.

"Mbona umesimama?"

"Yamesimama yenyewe, mama. Nadhani amekosea."

Ni hapo hasa Hemedi alipokuwa akigeuka kunitazama. Kila siku hapo hapo, na kila siku akipoteza mapigo. Sabiti alikuwa akimfokea, "Mkeo hatoroki, tazama mbele!" Mambo hayo Warda sijapata kumsimulia.

"Chukueni hii," nikamwambia Luqmani. "Hii ya pili. Yumo."

Akanishukuru, akaniuliza kwa upole kama nimechoka, maana boksi bado lina nyimbo nyingine. Nikamwambia apige tu. Akanyoosha mkono kuongeza sauti.

"Usiongeze, mwanangu," nikasema. "Iache hapo hapo. Nataka kujua kilichobaki masikioni mwangu."

Wimbo ukaanza. Nikafumba macho kulitafuta gitaa.