Bado ya Mwanjelwa

Du-du-du, du-du-du, viganja juu ya meza, halafu sauti za watu wengi kwa pamoja: Bado! Bado! Lusajo anaisikia kelele hiyo kabla hajaona kitu, kwa sababu macho ameyafumba na hataki kuyafumbua. Amelala chali kwenye godoro la stoo, nyuma ya ukumbi wa disko wa Mwanjelwa, shati limelowa jasho, na ni Jumapili saa kumi na moja jioni, disko la mchana limekwisha. Dakika tano zilizopita alikuwa jukwaani. Amepiga muziki kwa saa tatu bila kuinua kichwa, ameunganisha wimbo kwa wimbo mshono usionekane, na alipoushusha wa mwisho akasubiri makofi, akapata neno hilo. Bado. Neno lilelile aliloambiwa na kumbi tatu alipozunguka kuomba kazi: bado wewe, dogo, bado hujaiva. Akachomoa waya. Akamwambia mshereheshaji wake, Ambakisye, mimi na udijei basi, leo ndiyo mwisho, wakamtafute aliyeiva. Akaja huku na hasira zake, akajitupa, na sasa usingizi unamchukua huku neno likigonga ukuta, linagonga, linagonga, na ukuta unalainika, unakuwa pazia, naye anapita.

Upande wa pili ni barabara, nayo haina mwisho, lami yake nyeusi ina mistari myembamba kama ya santuri, na kila anapoenda mbele anajikuta anazunguka, anapita palepale, ila palepale pamebadilika: palipokuwa na duka pana mto, palipokuwa na mto pana mji, na mji wote ni wa vioo, kuta vioo, mapaa vioo, na katika kila kioo Lusajo anapita ameinamisha kichwa. Kwenye mlango wa ukumbi mmoja amesimama baunsa, mabega kama kabati, na pale ambapo uso ungekaa pana ngozi tupu, laini. Lete mkono nigonge muhuri, anasema baunsa. Mimi si mteja, anasema Lusajo, mimi ni dijei. Huku wote husema hivyo. Haya, naelekea wapi? Unaelekea ulikotoka, kwa mlango mwingine. Kaka, ongea kama watu basi! Nina neno moja lenye milango miwili, anasema baunsa, wewe umepita mmoja na mwingine ukaufunga kwa teke, nenda kauone. Lusajo anataka kumjibu jeuri, lakini utamfanyiaje jeuri mtu asiye na uso wa kununa? Anatoa mkono, anagongwa muhuri, anaingia.

Ndani watu wamejaa, muziki unatembea, naye anasukumwa hadi katikati, kwenye joto, mahali ambapo maisha yake yote hajawahi kusimama. Sogea kidogo, mwanangu, usimkanyage mwenzio, hapa tunacheza wote, anasema mama mmoja aliyeshika viatu mkononi. Anaitwa Mama Subilaga, anachuma chai Tukuyu siku sita, siku ya saba anakuja kucheza. Na anaposema wote, anamaanisha wote. Kijana mmoja anainua simu yenye taa, anammulika dijei machoni. Mama Subilaga anaushusha mkono wake taratibu. Zima hiyo, mtoto wa watu yuko kazini. Mwingine anapanda ngazi ya jukwaa kwenda kudai wimbo wake. Rudi wewe, unadhani hiyo ni redio ya shemeji yako? Ukumbi unacheka, kijana anarudi anacheka naye. Msichana anateleza, mikono minne inamnyanyua kabla hajafika chini. Mzee anacheza vibaya, vibaya mno, nao wanampanulia nafasi kana kwamba ni bwana harusi. Lusajo anatazama adabu hii na kuona aibu, maana imekuwepo kila Jumapili, hatua kumi mbele yake, naye alikuwa anatazama mikseri, mashine yake ya kuunganishia nyimbo. Anainua macho jukwaani. Dijei ni yeye mwenyewe. Anaona utosi wake tu. Kijana anajua huyu, Mama Subilaga anamnong'oneza Lusajo, anajua kabisa, ila hainui macho kututazama hata mara moja, utadhani anavipigia viatu vyake.

Ndipo wimbo wa mwisho unashuka. Unashuka, unashuka, unakwisha, na ndani ya ukimya ule Lusajo anashikwa na hofu, hofu ya mtu aliyeondolewa sahani mkono ungali ndani. Usiishe, anawaza, tafadhali usiishe, na anapofungua kinywa kuomba, kinachotoka ni hiki: Bado! Na ukumbi wote: Bado! Mama Subilaga anapiga meza kwa viatu. Bado, mwanangu, bado hatujashiba! Kule juu dijei anainua uso kwa mara ya kwanza, na uso ule ni wa mtu aliyetukanwa. Lusajo anampungia mkono, anapaza sauti, hapana bwana, nisikilize, si hivyo, tunakupenda, lakini kila neno likifika mdomoni linageuka bado, bado, bado, na kila anavyobembeleza ndivyo yule anavyozidi kuvimba, hadi anamwona anaushika waya, anauchomoa. Kimya. Mama Subilaga anainama, anavaa viatu vyake polepole, kimoja, cha pili. Tumemkosea nini? anauliza. Baunsa amekuja nyuma yake. Umeuona mlango wa pili? Nimeuona. Basi nenda kaufungue. Baunsa anamshika bega, anamtikisa, anamtikisa.

Lusajo! We Lusajo! Umelala kweli au unanuna ukiwa umefumba macho? Ni sauti ya Ambakisye, lakini mwanga wa mlangoni uko nyuma yake na uso hauonekani. Wewe ni nani? anauliza Lusajo. Mimi ni mjomba wako wa Kyela, nimekuletea mchele! Amka bwana, watu wamegoma kuondoka. Lusajo anaketi. Anasikiliza. Neno linakuja kupitia ukutani, bado, bado, na hajui ni bado ipi, ya Mama Subilaga au ya zile kumbi tatu. Hajui hata kama Mama Subilaga amewahi kuzaliwa, wala kama huyu Ambakisye anayecheka si wa kule kwenye vioo, na kama barabara haikumzungusha tu ikamrudisha palepale. Anasimama, anamshika rafiki yake mkono, na mkono una joto, lakini hata kule mikono ilikuwa na joto. Sikiliza, Ambakisye, anasema kwa sauti, nakuahidi. Nikipanda pale sigusi mashine kwanza. Nitawatazama usoni, mmoja mmoja, niwaulize: bado nini? Na wakinijibu kwamba bado sijaiva, nitapiga vilevile, mpaka niivie mbele ya macho yao.