Pekupeku Juu ya Mpunga

Kashindye alikuwa akiburuta miguu ndani ya mpunga ulioanikwa kwenye uwanja wa saruji, pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga Ilomba, ili punje za chini nazo zipate jua. Mpunga hupinduliwa hivyo, kwa miguu mitupu. Leo yeye alikuwa amevaa raba.

"Kashindye! Vua hivyo viatu!" Ombeni, msimamizi, alipiga kelele kutoka kivulini. Yeye mwenyewe alivaa buti.

"Bosi, nesi kanikataza kutembea peku. Nina sukari."

"Sukari umekuja nayo toka Usangu, hujaipata hapa. Viatu vinavunja mchele. Hutaki, geti lile pale."

Nesi Juliana alikuwa amemweleza vizuri kwamba sukari imeharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Ndiyo maana usiku nyayo zilimwaka kama zimepakwa pilipili. Siku hizi zilikuwa zimeingia ganzi, na Kashindye akafurahi akidhani anapona.

"Hujapona, mama," nesi alimwambia. "Sasa hata ukichomwa hutajua. Vaa viatu, na kila jioni kagua nyayo."

Dawa, nesi alisema, akatafute maduka ya nje, hospitali hakuna. Kusema ni rahisi! Vaa viatu, anaambiwa mtu anayekula kwa miguu yake.

Alivua. Mwenye nguvu mpishe, husema waliokwisha kukanyagwa.

Aliyeona kwanza ni Devota, mwenzake kazini. "Dada, damu!"

Nyuma ya Kashindye mpunga ulikuwa na madoa mekundu. Alikaa chini, akainua mguu. Sindano ya kushonea magunia ilikuwa imezama kisiginoni, na hakusikia chochote. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Ombeni alikuja mbio. Mguu hakuutazama.

"Mpunga wa tajiri huu! Nani atanunua mchele wa damu?" Alikomba penye madoa kwa koleo, akajaza ndoo. "Huu utakobolewa uwe chakula chenu wafanyakazi. Mtapika mchana."

Kuna watu hawana haya hata kidogo.

Kashindye alichomoa sindano, akafunga kisigino kwa kipande cha khanga, akavaa raba zake. Bomba la maji lilikuwa ng'ambo ya uwanja.

"Zunguka ukutani!" Ombeni alifoka.

Hakuzunguka. Alikatiza katikati ya mpunga na viatu vyake, taratibu, huku Ombeni akimtukana yeye na ukoo wake. Devota aliwatazama wote wawili, kisha akaenda kutafuta ndala zake.